Mbwa Hajui Kusoma: Historia ya Watoto Wanaowasomea Wanyama

Leo sitazungumza juu ya chanjo wala juu ya kuchemsha maji. Nitazungumza juu ya kusoma, na najua wengine mtauliza, "Sista, kusoma kunamhusu nini muuguzi?" Nipeni dakika chache. Kama una maharagwe ya kuchambua, endelea kuchambua huku unasikiliza.

Kuna mtoto mmoja aliyenifundisha jambo. Alikuwa wa gredi ya 3, mvulana mwembamba mwenye adabu. Mama yake alimleta zahanati siku ya Jumatatu, tumbo linamsokota. Tukapima choo, hakuna minyoo. Tukapima malaria, hakuna. Jumatatu iliyofuata wakarudi, tumbo lile lile. Nikampa dawa ya minyoo hivyo hivyo, kama tunavyofanya wakati mwingine tukikosa la kufanya, Mungu atusamehe. Jumatatu ya tatu nikamwuliza mama, "Mama, na Jumamosi huwa anaumwa?" Akafikiri kidogo, akasema hapana, Jumamosi anashinda juu ya mapera. Nikamgeukia mtoto: "Jumatatu asubuhi mna somo gani?" Akatazama vidole vya miguu yake. "Kusoma, sista. Mmoja mmoja, tukiwa tumesimama."

Ukutani tulikuwa na bango la kunawa mikono. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo yake kwa dakika moja. Yalikuwa 88. Kisha nikamwomba anisomee mstari mmoja tu wa lile bango. Viganja vikalowa jasho, sauti ikakwama kooni, na mapigo yakafika 126 mtoto amekaa tu kwenye kiti. Nikamwambia basi, inatosha. Alipotoka nje nilimsikia akimwonyesha mdogo wake bango kama lile lililokuwa mlangoni. Alilisoma lote, toka juu hadi chini, bila kukwama.

Mama mpendwa, mtoto yule alijua kusoma. Alichoshindwa ni kusoma huku mtu mzima anamtazama. Mwili wake uliona hatari, ukafanya kile ambacho miili yetu hufanya tukikutana na nyoka njiani: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, tumbo linajikunja. Maumivu yale ya tumbo yalikuwa ya kweli. Hakuwa anadanganya ili akae nyumbani, na kumchapa kusingeyaondoa.

Hali hii imepimwa kwa mashine, na waliosaidia kuipima ni mbwa. Usicheke, ndivyo ilivyokuwa.

Mwaka 1983 huko Marekani, mtafiti aitwaye Erika Friedmann na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 38. Kila mtoto alipimwa presha akiwa amepumzika, na tena akiwa anasoma kwa sauti. Kwa baadhi yao mbwa aliletwa chumbani mwanzoni, kwa wengine aliletwa baadaye. Kusoma kwa sauti mbele ya mtu kulipandisha presha, kama tulivyoona kwa mvulana wangu. Lakini mbwa alipokuwamo chumbani, presha ilikuwa chini zaidi, mtoto akiwa amepumzika na hata akiwa anasoma. Na mbwa hakufanya lolote. Hakufundishwa mchezo wowote. Alikuwapo tu.

Friedmann huyu hakuanza na watoto. Mwaka 1980, yeye na wenzake walikuwa wametoa utafiti wa wagonjwa 92 waliougua moyo na kulazwa. Walifuatilia nani alikuwa hai baada ya mwaka mmoja. Kati ya 53 waliokuwa na mnyama nyumbani, walikufa 3. Kati ya 39 wasiokuwa na mnyama, walikufa 11. Idadi ni ndogo, na mtu anaweza kuuliza kama wenye mbwa walikuwa na nguvu zaidi tangu mwanzo, na ni haki kuuliza. Hata hivyo madaktari waliokuwa wakiona habari za wanyama kuwa upuuzi walianza kutega sikio. Baadaye Friedmann alikuwa profesa katika shule ya uuguzi ya Chuo Kikuu cha Maryland, na kama muuguzi mwenye diploma yake ukutani, ninafurahi kulitaja hilo.

Lakini turudi nyuma kabisa, maana jambo hili lina mizizi mirefu.

Mwaka 1796, katika mji wa York huko Uingereza, ilifunguliwa nyumba ya kutunza wagonjwa wa akili. Aliyeianzisha aliitwa William Tuke, mfanyabiashara wa majani ya chai na kahawa. Alikuwa wa dhehebu la Marafiki, wale wale ambao sisi tunawajua Magharibi mwa Kenya tangu misheni ya Kaimosi ya mwaka 1902. Wakati huo mgonjwa wa akili alifungwa minyororo, analala juu ya majani makavu kama mnyama. Tuke alikataa minyororo. Katika nyua za nyumba yake waliwekwa sungura, kuku, na ndege wengine, ili wagonjwa wawatunze na kuwazoea. Mjukuu wake, Samuel Tuke, aliandika habari za nyumba hiyo mwaka 1813, na aliona kwamba kuwa na viumbe vile kuliamsha upole ndani ya watu ambao wengine walikuwa wamewakatia tamaa.

Halafu kuna mama yetu wauguzi, Florence Nightingale. Katika kitabu chake juu ya uuguzi kilichotoka mwaka 1859, aliandika kuwa mnyama mdogo ni rafiki mwema sana kwa mgonjwa, hasa aliyelala kitandani muda mrefu. Yeye mwenyewe alifuga bundi. Ndiyo, bundi! Alimwokoa mjini Athens mwaka 1850, akamwita Athena, na alikuwa akimbeba mfukoni. Kwetu bundi akilia juu ya paa, mama anatoka na kijinga cha moto kumfukuza, na mimi nisingempokea muuguzi mwenye bundi mfukoni kwenye wodi yangu. Kila nchi na mnyama wake.

Miaka mia moja baadaye, mjini New York, kulikuwa na mtaalamu wa akili za watoto, Boris Levinson. Alikuwa na mbwa aliyeitwa Jingles. Siku moja mama mmoja alifika na mwanawe mapema kabla ya wakati waliopangiwa. Mtoto huyo alikuwa amejifungia ndani ya nafsi yake, haongei na watu, na madaktari wengine walikuwa wameshindwa. Mbwa akamrukia na kumlamba. Mama akashtuka, lakini mtoto hakuogopa. Alimshika mbwa, akaanza kucheza naye. Levinson alikuwa na busara ya kutoingilia. Siku zilizofuata mtoto alikuja kucheza na mbwa, na polepole akamruhusu daktari naye aingie katika mchezo.

Levinson aliwaeleza wenzake jambo hili katika mkutano wa wanasaikolojia mwaka 1961, na mwaka 1962 akaliandika katika jarida. Wengi walimcheka. Inasimuliwa kuwa waliuliza mbwa analipwa sehemu gani ya ada. Hakuvunjika moyo, na mwaka 1969 alitoa kitabu kizima juu ya kuwatibu watoto kwa msaada wa wanyama. Mbwa wa tiba wa leo wote wanapitia katika mlango aliofungua yeye na Jingles.

Kisha likaja zamu ya wauguzi. Elaine Smith, muuguzi wa Marekani, aliwahi kufanya kazi Uingereza, na huko aliona jinsi wagonjwa walivyochangamka kasisi alipopita wodini na mbwa wake. Aliporudi kwao, mwaka 1976 alianzisha chama cha kuwapima mbwa na wenyewe ili waweze kutembelea wagonjwa. Ni muhimu kuelewa neno hili, mbwa wa tiba. Si mbwa yeyote. Ni mbwa aliyepimwa afya na daktari wa mifugo, amechanjwa, ameoshwa, na amejaribiwa kama anavumilia kelele, kuvutwa masikio, na mtoto anayemkumbatia ghafla. Na haendi popote bila mwenyewe aliyefundishwa kando yake.

Sasa tufike kwenye kusoma. Mwaka 1999 katika jiji la Salt Lake City, jimbo la Utah, kulikuwa na muuguzi mwingine, Sandi Martin. Alikuwa mwanachama wa kikundi kiitwacho Intermountain Therapy Animals, kinachopeleka wanyama kwa wagonjwa. Alikuwa ameona kwa macho yake jinsi mgonjwa anavyotulia mbwa akiingia chumbani. Akajiuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa amelitendea kazi kwa mpango kabla yake: kama mbwa anamtuliza mgonjwa, je, hawezi kumtuliza mtoto anayeogopa kusoma? Mwezi wa Novemba mwaka huo alimpeleka mbwa wake, Olivia, kwenye maktaba ya jiji. Watoto wakaja mmoja mmoja, wakaketi sakafuni kando yake, wakamsomea. Mwaka 2000 mpango ukaingia shuleni, katika shule ya msingi ya Bennion jijini humo. Ukapewa jina la R.E.A.D., na toka hapo ukaenea sehemu nyingi za Marekani na nchi nyingine.

Nataka uone picha yake, maana ndani ya picha hiyo ndipo kuna dawa. Mtoto hasimami. Anakaa chini, juu ya mkeka au mto, mbwa amelala ubavuni mwake. Mtoto anachagua kitabu mwenyewe. Anasoma kama dakika 20 hivi. Mwenye mbwa amekaa karibu, lakini si yeye anayesomewa. Mtoto akikwama kwenye neno, mwenye mbwa hasemi "umekosea". Anasubiri. Kama mtoto hajaelewa anachosoma, yule mtu anamsingizia mbwa: anasema, "Olivia hajawahi kusikia neno hili, unaweza kumweleza maana yake?" Basi mtoto ambaye darasani ni wa mwisho, hapa anageuka mwalimu. Kuna mmoja katika chumba kile anayejua kidogo kuliko yeye. Mtoto akisoma vitabu kadhaa, anapewa kitabu kiwe chake, na ndani kimepigwa mhuri wa wayo wa mbwa kama sahihi. Fikiria mtoto anavyokikumbatia kitabu hicho akirudi nyumbani.

Wengine walichukua wazo hilo wakaligeuza. Mwaka 2013, kituo cha kuokoa wanyama huko Pennsylvania kilianza kuwaalika watoto wawasomee paka. Na mwaka 2015, huko Missouri, watoto walianza kuwasomea mbwa waliokuwa wameokolewa na bado wanaogopa watu. Mtoto anakaa nje ya kizimba, hamtazami mbwa machoni, anasoma tu. Mbwa yule aliyejikunyata pembeni anasikia sauti tulivu, mwishowe anasogea mbele. Hapo sijui nani anamtibu nani. Mwoga anamsomea mwoga.

Je, kweli inafanya kazi, au ni mapenzi ya Wazungu kwa mbwa? Swali hilo niliulizwa na mwenzangu kazini, na ni swali zuri. Jibu ninalolipenda halikutoka Ulaya wala Marekani. Lilitoka Afrika Kusini. Mwaka 2014, watafiti wa huko, Marieanna le Roux na wenzake, walichapisha utafiti uliofanywa katika shule ya mtaa wa watu wa kipato cha chini. Walichukua watoto 102 wa gredi ya 3, wote wanaosoma kwa shida, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne. Kundi la kwanza lilimsomea mbwa. La pili lilimsomea mtu mzima. La tatu lilikisomea kidoli, yule dubu wa kitambaa ambaye watoto hulala naye. La nne halikupewa chochote cha ziada. Wiki 10 baadaye wakapimwa. Waliomsomea mbwa walielewa walichosoma vizuri zaidi kuliko makundi mengine yote.

Mimi nilisimama hapo nikatafakari. Kidoli hakicheki mtoto. Kidoli hakimrekebishi. Mbona basi mbwa alikishinda? Nadhani, na haya ni maoni yangu, ni kwa sababu kidoli hakisikii. Mbwa ana pumzi, ana joto, anainua sikio sauti ikibadilika. Mtoto anajua kuna aliye hai anayemsikiliza. Na mtu mzima je? Yeye anasikia, lakini pia anapima, hata akinyamaza. Uso wake unapima. Mtoto anayekwama kwenye silabi hutazama uso wa mkubwa haraka sana, kama mwizi, aone kama umekunjamana.

Nisiwadanganye kwamba mambo yote yamethibitishwa. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walikusanya tafiti 48 juu ya jambo hili na kuzisoma zote. Walisema zinaelekeza kwenye manufaa, ila nyingi zilikuwa dhaifu jinsi zilivyofanywa. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema mbwa anamfundisha mtoto kusoma, mkatalie. Mbwa hafundishi herufi. Anayefundisha ni mwalimu. Mbwa anamwondolea mtoto hofu ili alichofundishwa kipate kutoka.

Sasa nakuona, mama, unamtazama Simba aliyefungwa mnyororo nyuma ya jikoni na unaanza kupata mawazo. Ngoja kwanza. Nivue kofia ya historia nivae ya kliniki.

Mbwa wengi wa kwetu ni wa kulinda. Hawajazoezwa kukaa na mtoto, wengi hawajachanjwa, na kichaa cha mbwa kipo. Kenya kilithibitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja viungani mwa Nairobi, na hakijaondoka. Mwaka 2014 serikali ilizindua mpango wa kumaliza vifo vya watu vinavyotokana na mbwa wenye kichaa kufikia mwaka 2030, na mpango huo unategemea wewe na mimi kupeleka mbwa wachanjwe kila mwaka. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto akiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, saa mkononi, usikadirie. Usipake mafuta ya taa, usipake pilipili, usifunge kwa majani. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo akapate chanjo, hata kama kidonda ni mkwaruzo tu. Dalili za kichaa zikishaanza, hatuna dawa ya kumrudisha. Na wenzetu wa Turkana wanaujua ugonjwa mwingine, ule uvimbe wenye maji ndani ya tumbo unaotokana na minyoo ya mbwa, ambao AMREF ilianza kupambana nao miaka ya 1980. Mikono ioshwe baada ya kumshika mbwa, na mbwa asilambe vyombo wala uso wa mtoto. Ndugu zetu Waislamu nao wana taratibu zao kuhusu mate ya mbwa, na hizo ziheshimiwe.

Kwa hiyo sikuletei habari hizi ili upeleke mtoto kwa mbwa. Nimezileta kwa sababu ya nyanya wa yule mvulana.

Jumatatu ile ya tatu nilimwambia mama yake atafute mtu nyumbani wa kumsikiliza mtoto akisoma kila jioni, mtu asiyecheka na asiyekimbilia kurekebisha. Akanijibu, "Sista, mimi natoka sokoni saa mbili usiku. Kaka zake watamcheka. Aliyebaki ni nyanya yake, na nyanya hajui a wala be." Alilisema kwa aibu, kama wanavyosema akina mama wengi kwenye kliniki: mimi sikusoma, nitamsaidiaje mtoto?

Wakati huo sikuwa nimesoma habari za Olivia wala za watoto 102. Nilimwambia tu, basi nyanya anafaa. Leo ningemweleza vizuri zaidi. Si kwamba nakulinganisha na mbwa, mama, Mungu apishe mbali, usije ukanifuata hapa studio na mwiko. Ninachosema ni kuwa kutojua kusoma, ambako umekubeba kama mzigo miaka yote, hapa ndiko kunakokufaa. Huwezi kumrukia mtoto na neno kabla hajalimaliza, maana hulijui. Uso wako haukunjamani akikosea, maana hujui kama amekosea. Na ukimwuliza, "Kisha fisi akafanya nini?" unauliza kwa sababu unataka kujua kweli, naye anahisi.

Mimi nilisoma shule ya msingi siku za kiboko. Kilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini kabla ya hapo nilisimama mbele ya darasa na kitabu kinatetemeka, na nakumbuka zaidi kicheko cha wenzangu kuliko kiboko chenyewe. Tangu mwaka 2003 elimu ya msingi ilipokuwa bila malipo, madarasa mengi yalijaa, na hilo lilikuwa jema, lakini mwalimu mwenye watoto 70 hawezi kukaa sakafuni na mmoja kwa dakika 20. Uwezo walipoanza kupima watoto nchini, katika ripoti zao za kwanza toka mwaka 2010, zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la 3 hawakuweza kusoma hadithi ya darasa la 2. Wangapi kati yao walikuwa kama mvulana wangu, wanajua lakini sauti imekwama?

Kwa hiyo jioni hii, mketishe mtoto ubavuni pako, si mbele yako. Achague mwenyewe cha kusoma, hata kama ni gazeti la kufungia nyama. Dakika 10 zinatosha, 15 ni nyingi. Akikwama, endelea na maharagwe yako, subiri. Kama ni Kikamba au Kiluhya ndicho anachokisoma kwa raha, aanze nacho. Wakubwa wenye midomo watumwe kuchota maji wakati huo. Ila kama miezi inapita na mtoto hata akiwa peke yake herufi zinamchanganya, au anaweka kitabu puani, au haitikii ukimwita kwa nyuma, mlete. Tutampima macho na masikio, na tutakuelekeza kwenye kituo cha EARC. Vituo hivyo vilianza mwaka 1984 kwa kazi hiyo hiyo ya kupima watoto wenye shida za kujifunza.

Tumbo la Jumatatu halikwisha mara moja. Lilichukua muhula mzima, na mara mbili walirudi nalo. Nyanya naye, naambiwa, husinzia katikati ya hadithi, na mtoto humwamsha ili asikose mwisho.

Mwaka uliofuata alikuja yeye, nyanya, kuchukua dawa zake za presha, na mvulana amemshika mkono. Foleni ilikuwa ndefu hadi mlangoni. Nikaandika maelezo kwenye bahasha kama kawaida, nikampa nyanya, naye akampa mjukuu wake bila kuitazama. Mvulana akaisoma kwa sauti, watu wote wanasikia: kidonge kimoja, mara moja kwa siku, asubuhi. Nyanya akageuka akanitazama. "Mara moja? Mimi nimekuwa nikimeza asubuhi na jioni." Nikamvuta kando tukazungumza, na ndipo nikaelewa kile kizunguzungu alichokuwa akilalamikia tangu Aprili.

Lakini kijana alikuwa hajamaliza. Alikuwa amegeuza bahasha anajaribu jina la dawa. Haidro, akasema, haidroklo, akakwama, akaanza tena. Haidroklorothaya. Hakuna aliyemcheka kwenye ile foleni, maana hakuna aliyeweza kulitamka, na mimi mwenyewe hulimeza nusu yake. Akalimaliza kwa jaribio la nne.

Wiki ijayo, wakati kama huu, tutazungumza juu ya kuharisha kwa watoto wachanga na namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Uwe na kalamu karibu, au mtoto wa kukuandikia. Kwaheri kwa sasa.